Fikra ni nini, na mbona usiku huzunguka pale pale?

Swali: "Mimi ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, nakaa Likoni. Nyumbani twasema Kidigo, mtaani Kiswahili, kazini makaratasi yote ni ya Kiingereza. Nataka kujua fikra ni kitu gani hasa, na inakaa wapi. Nafikiri kwa lugha gani kati ya hizo tatu? Na la mwisho: nataka kuchukua tuktuk kwa mkopo. Marejesho ni shilingi 1,100 kila siku, na dereva ataniletea hesabu ya 1,300. Wiki nzima sasa nikilala naliwaza jambo hili mpaka saa nane za usiku, na asubuhi naamka sijaamua chochote. Kwani kufikiri sana hakusaidii?"

Ndugu yangu, nianze na hilo la mwisho, maana ukilielewa mengine yatafunguka. Unachofanya kitandani ni kipande kidogo cha kufikiri kinachorudiwa mara nyingi. Uchovu unaoupata ni wa kweli, lakini kazi iliyofanyika ni ndogo, na sababu yake iko katika jinsi akili ya binadamu yeyote ilivyoumbwa. Si upungufu wako.

Kufikiri ni kuchukua vitu vichache vilivyo mbele ya akili kwa wakati huo, kuvilinganisha na kuviunganisha, kuuliza "ikiwa hivi, itakuwaje?", kisha kupata jambo ambalo hukuwa nalo kabla. Wazo linalokujia lenyewe ni kitu kingine. Uko kwenye feri, kuna harufu ya samaki wa kukaanga, mara unamkumbuka mwalimu wako wa darasa la tatu. Hukuliita wazo hilo, harufu imeliamsha. Mawazo ya namna hii ni mengi kuliko tunavyodhani. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Harvard walichapisha matokeo ya kuwauliza watu kupitia simu zao, kwa nyakati zisizotabirika, wanafanya nini na akili iko wapi. Karibu asilimia 47 ya nyakati akili haikuwa kwenye jambo lililokuwa likifanywa. Kwa hiyo ukiona akili yako imetoroka katikati ya swala au katikati ya fomu ya forodha, usijilaumu kupita kiasi. Irudishe tu, uendelee.

Sasa uone ile sababu niliyoitaja mwanzo, nayo ni ufinyu. Akili ina ghala na ina meza. Ghala ni kumbukumbu ya muda mrefu: lugha zako tatu, njia ya kutoka Likoni hadi kazini, nyuso za jamaa, bei za vitu. Hakuna aliyewahi kuonyesha kwamba ghala la mtu limejaa. Meza ndiyo ndogo. Mwaka 1956 George Miller alikisia kwamba hubeba vitu 7 hivi, vikizidi au kupungua viwili. Mwaka 2001 Nelson Cowan alipitia majaribio mengi na kuonyesha kwamba mtu akizuiwa kuvirudiarudia moyoni na kuvipanga mafungu, hubaki na vitu 4 hivi. Na hivyo navyo havikai. Mwaka 1959 Lloyd na Margaret Peterson waliwapa watu herufi 3 tu wazikumbuke, kisha wakawahesabisha kwa kurudi nyuma tatu tatu ili wasipate nafasi ya kuzirudia. Baada ya sekunde 18, mara nyingi herufi zile zilikuwa zimepotea.

Wewe unaiona meza hiyo kila siku kazini. Nambari ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7, jumla 11. Karani mgeni akiisoma kwenye karatasi kisha akageuka kuiandika kwenye kompyuta, ataigawa vipande viwili au vitatu, na mtu akimuuliza "chai ushakunywa?" hapo katikati, lazima aanze upya. Wewe zile herufi 4 huzioni nne. Unaona jina la kampuni ya meli, kitu kimoja, na mezani panabaki nafasi ya tarakimu. Hata waliotunga mfumo wa nambari hizo walijua udhaifu huu. Tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki, hupatikana kwa hesabu kutokana na zile alama 10 zilizotangulia, na kazi yake ni kufichua makosa ya mkono kama tarakimu mbili kubadilishana nafasi.

Hapo ndipo tofauti ya bingwa na mwanafunzi ilipo. William Chase na Herbert Simon walionyesha mwaka 1973 kwamba bingwa wa sataranji akiutazama ubao wa mchezo halisi kwa sekunde 5 huweza kuupanga upya sehemu kubwa, lakini vipande vikitawanywa ovyo hukaribia kuwa sawa na anayejifunza. Meza yake haijapanuka. Alichonacho ni ghala lililopangwa, hivyo fungu la vipande vitano kwake ni kitu kimoja. Wachezaji wa bao hali yao ni hiyo hiyo: mashimo 32 na kete 64 haziwezi kuenea katika meza ya mtu yeyote, ila mzee aliyecheza miaka mingi haoni kete moja moja, anaona nyumba, anaona mtaji. Ndiyo maana mimi sina imani na michezo ya simu inayouzwa kwa ahadi ya kunoa akili. Inakufanya hodari wa mchezo huo. Ukitaka kufikiri vyema juu ya tuktuk, zijue tuktuk.

Umeuliza inakaa wapi. Kwenye ubongo, na kwa jumla ubongo mzima hushiriki kwa zamu, hakuna chumba kimoja cha fikra. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.3 hadi 1.4, una chembe za neva zipatazo bilioni 86, na ingawa ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, hutumia karibu asilimia 20 ya nishati mwili ukiwa umepumzika. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, hufanya kazi nyingi ya kushikilia vitu mezani na kuzuia vingine visiingie. Neva nazo zina mwendo unaopimika. Hermann von Helmholtz aliupima kwa neva ya chura mwaka 1850, akakuta ni mita makumi kadhaa kwa sekunde. Neva za binadamu zenye kasi kuliko zote hupita kidogo mita 100. Fikra, basi, huchukua muda, na muda wenyewe hupimwa kwa saa. Kuhusu roho na nafsi, hayo yana wenyewe waliyoyasoma. Vipimo vya ubongo huonyesha kazi gani ya mwili inaandamana na fikra gani, navyo haviendi mbali zaidi ya hapo.

Swali la lugha ndilo ninalolipenda zaidi, na ndilo ambalo watu hulijibu haraka mno. Wengi husema tunafikiri kwa maneno kwa sababu wanaisikia sauti ile ya ndani. Ushahidi unasema maneno ni sehemu tu.

Paris, mwaka 1861, daktari Paul Broca alimchunguza mgonjwa aliyeitwa Tan kwa sababu hiyo ndiyo silabi aliyobaki nayo. Usemi ulikuwa umemtoka, lakini aliyoulizwa aliyaelewa, na hesabu alizionyesha kwa vidole. Alipofariki, Broca alikuta sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kushoto, imeharibika. Tangu hapo wamechunguzwa watu wengine waliopoteza lugha kwa sababu ya kiharusi, na baadhi yao bado hupiga hesabu na kutatua mafumbo ya mantiki. Lugha ikiondoka, si lazima fikra iondoke nayo.

Kisha kuna kazi ambazo maneno hayaziwezi kabisa. Roger Shepard na Jacqueline Metzler, mwaka 1971, waliwaonyesha watu michoro miwili ya vitu vilivyoundwa kwa vijisanduku na kuwauliza kama ni kitu kile kile kilichogeuzwa. Muda wa kujibu uliongezeka sawasawa na pembe ya mgeuko: kadiri kitu kilivyogeuzwa zaidi, ndivyo jibu lilivyochelewa, kana kwamba mtu anakizungusha kichwani taratibu. Waulize vibarua wanaopakia lori jinsi wanavyojua kreti itaingia kwa ubavu. Watakuonyesha kwa mikono. Lakini hata picha za ndani si za kila mtu. Kuna watu wasioona picha yoyote wakifumba macho, na tangu 2015 hali hiyo imepewa jina, afantasia. Wanafikiri kama kawaida, wanafanya kazi kama kawaida.

Russell Hurlburt wa Nevada amekuwa akichunguza jambo hili kwa namna rahisi: mtu hubeba kifaa kinacholia wakati asioutarajia, naye huandika kilichokuwamo akilini sekunde ile kabla ya mlio. Katika uchunguzi alioutoa na Christopher Heavey mwaka 2008, maneno ya ndani yalipatikana katika takriban robo tu ya nyakati, na kati ya mtu na mtu tofauti ilikuwa kubwa sana. Karibu idadi hiyo hiyo zilikuwa fikra zisizo na neno wala picha: mtu anajua kwa hakika anachofikiri, ila hakuna sauti wala sura.

Unaweza kujipima. Weka kengele 6 katika simu, kwa saa ambazo hutazikumbuka, ikiwezekana mwenzako akuwekee. Ikilia, usijiulize "nilikuwa nikifikiria nini asubuhi hii?" Jiulize kilichokuwamo punde tu kabla ya mlio, na uandike mstari mmoja: maneno (lugha gani), picha, hisia ya mwili, au kujua tu bila kitu. Kosa la kawaida ni kuchelewa. Ukikawia nusu dakika, utaandika hadithi uliyoitunga baadaye, na hadithi daima huja kwa maneno, kwa hiyo utajidanganya kwamba ulikuwa ukifikiri kwa maneno. Siku ya kwanza tupa majibu yote, mkono haujazoea.

Kwa mtu wa lugha tatu natarajia utakuta hivi: hesabu za kuzidisha zitakuja kwa lugha uliyofundishwa shuleni, hata ukiwa sokoni Kongowea, kwa sababu jedwali lilihifadhiwa kama sauti. Mazungumzo unayoyapanga na bosi yatakuwa kwa lugha mtakayozungumza. Ugomvi na mama utakuwa kwa Kidigo. Yaani lugha inakuja na jambo lake, hakuna moja inayomiliki kichwa. Na lugha ina athari ndogo kwenye uamuzi. Boaz Keysar na wenzake wa Chicago walionyesha mwaka 2012 kwamba swali lile lile la kuchagua dawa ya ugonjwa hatari likielezwa kwa hesabu ya "watakaookolewa" au ya "watakaokufa", watu hubadili chaguo lao wakilisoma kwa lugha ya nyumbani. Wakilisoma kwa lugha waliyojifunza baadaye, tofauti hiyo ilififia. Maelezo yao ni kwamba lugha ya pili haichomi moyo sana. Usiifanye dawa, ila jambo la tuktuk liandike mara moja kwa Kiingereza cha kazini, uone kama hofu inabaki na ukubwa ule ule.

Kabla ya kufika kwenye tuktuk, jibu hili bila kalamu. Samaki changu mdogo na ndimu vimegharimu shilingi 110. Changu amezidi ndimu kwa shilingi 100. Ndimu ni shilingi ngapi? Kama jibu lililoruka ni 10, umefanya kama wengi. Ndimu ikiwa 10, samaki atakuwa 110, na jumla 120. Ndimu ni 5. Tazama kilichotokea: ghala lilitoa jibu lililofanana na swali kabla meza haijafanya kazi yoyote, na jibu lilikuja na hisia ya uhakika. Hisia ya uhakika haipimi usahihi. Inapima wepesi ambao jibu lilikuja nao.

Kosa la pili ni gumu zaidi kulikamata. Mwaka 1960 Peter Wason aliwapa watu namba 2, 4, 6 na kuwaambia zinafuata kanuni fulani. Wajaribu namba tatu tatu zao, wataambiwa ndiyo au siyo, kisha waitaje kanuni. Wengi walijaribu 8, 10, 12, kisha 20, 22, 24, wakaambiwa ndiyo kila mara, wakatangaza kwa furaha: kuongeza mbili mbili. Kanuni ilikuwa namba zozote zinazopanda. Wangejaribu 1, 2, 50 wangegundua. Hawakujaribu kitu ambacho kingewapinga.

Tuje kwako. Jambo la mkopo lina vitu zaidi ya vinne: marejesho, hesabu, siku za kazi, matengenezo, bima, uaminifu wa dereva, ada za shule, na utakachosema watu wakija kuichukua tuktuk mlangoni. Kitandani huna karatasi, hivyo kila unapokishika cha tano, cha kwanza kinadondoka, nawe unarudi kukiokota. Huko ndiko kuzunguka. Na kwa kuwa kila mzunguko unaanza na kile kinachotisha zaidi, ndicho kinachopata muda mwingi, na zile namba hazipati zamu yao kamwe.

Kaa mchana, nusu saa, na karatasi moja. Juu kabisa andika swali kwa sentensi inayojibika kwa ndiyo au la: "Tuktuk hii itajilipa kwa hesabu ya 1,300?" Usiandike "nifanye nini na maisha yangu", swali hilo halina pa kuanzia. Kisha chora mistari, upate safu tatu: ninayoyajua, ninayoyakisia, ninayoyaogopa. Utashangaa ile ya kwanza ilivyo fupi.

Halafu piga hesabu kwa mwezi, usipige kwa siku. Kwa siku, 1,300 ukitoa 1,100 unabaki na 200, na nadhani hiyo 200 ndiyo inayokuvuta kila usiku. Lakini mkopo unahesabu siku 30 na tuktuk haifanyi kazi siku 30. Dereva akipumzika siku moja kwa wiki, una siku 26. Marejesho ni 1,100 mara 30, sawa na 33,000. Mapato ni 1,300 mara 26, sawa na 33,800. Umebaki na 800 kwa mwezi, na bado hujabadilisha oili, hujanunua tairi, hujalipa bima wala leseni. Tuseme vyote hivyo, ukivigawa kwa mwezi, ni 5,000. Mahitaji yako ni 38,000, na ukigawa kwa siku 26, hesabu inayotakiwa ni 1,462. Hiyo 5,000 ni ya mfano. Weka namba halisi kutoka kwa fundi. Muundo wa hesabu ndio wenye maana, na kosa la 30 na 26 ni la ndimu na samaki tena: jibu rahisi limekaa mahali pa jibu sahihi.

Baada ya hapo fanya alichoshindwa kufanya yule wa 8, 10, 12. Bila shaka unamjua mtu aliyefanikiwa kwa tuktuk. Wazo lenyewe pengine lilitokea kwake. Mtafute aliyenyang'anywa. Nenda stendi, waulize madereva ni zipi zimechukuliwa na wakopeshaji na kwa nini: ajali, injini, dereva kuleta hesabu nusu nusu, msimu mbaya. Wawili waliopoteza watakufundisha kuliko kumi waliopata, kwa sababu waliopata wote watakuambia kitu kimoja.

Mwisho andika uamuzi kwa sura ya "ikiwa… basi". Kwa mfano: ikiwa mkopeshaji atakubali marejesho ya siku 26, au dereva atakubali 1,500, basi nachukua, isipokuwa hivyo, sichukui mpaka nifanye akiba ya miezi mitatu ya marejesho. Maneno ya "nitaona" hayafanyi kazi, kwa kuwa yanaliacha jambo mezani.

Kuhusu usiku wenyewe: usijiamuru "nisiwaze tuktuk". Daniel Wegner aliwaambia watu mwaka 1987 wasimuwaze dubu mweupe, na hawakuweza. Walipoachiliwa baadaye, walimuwaza zaidi kuliko wale ambao hawakukatazwa. Kukataza wazo kunahitaji kulichungulia kama lipo. Kinachosaidia ni kalamu. Michael Scullin na wenzake, mwaka 2018, walikuta kwamba watu walioandika kwa dakika 5 kabla ya kulala mambo wanayotakiwa kuyafanya siku zijazo walipata usingizi mapema, kwa wastani wa kama dakika 9, kuliko walioandika waliyokwisha kuyamaliza, na orodha iliyokuwa na mambo mahususi ilisaidia zaidi. Kwa hiyo andika "Jumatatu saa nne, muulize fundi bei ya klachi", usiandike "mambo ya tuktuk". Ukiamka saa nane, ongeza mstari mmoja kwenye karatasi, taa ndogo, simu usiishike, urudi kulala.

Fanya hayo kwa wiki mbili. Ikiwa uamuzi umeshapita na bado usingizi haupatikani, au mawazo yamehamia jambo jingine na kuzunguka vile vile, au umeanza kukosa hamu ya chakula na kuona heri usingekuwapo, hapo tatizo si hesabu tena. Nenda hospitali, hata Coast General pale Makadara, umweleze daktari kwa maneno hayo hayo. Na hilo la mwisho likikujia, usingoje wiki mbili, nenda siku hiyo hiyo pamoja na mtu wa nyumbani.